Sura ya Ghorofa ya Thelathini

Kaka yangu Gervasio alichonga watakatifu wa kanisa letu kule Sicilia mpaka ungeweza kuhesabu kope zao. Alipofika New York, kiwanda cha vigae na mapambo ya udongo wa kuchoma kilimdaka mara moja, maana matajiri wa huku walikuwa wamepagawa: wanainua jumba la ghorofa thelathini, ndani chuma kitupu kama daraja la reli, nje wanalivika kanisa la miaka mia tano iliyopita, na minara, na majoka, na nyuso kila pembe. Kwa ajili ya ofisi za bima!

Gervasio akaifinyanga sura yake ya kwanza wiki nzima, nyororo, yenye tabasamu dogo. Mfano wake wa plasta ukapandishwa kwa winchi hadi ghorofa ya thelathini, pale sura zitakapokaa, ili tuuone kutoka chini.

"Naona kiazi," akasema msimamizi wa ujenzi, Bwana Dunleavy.

Kiazi kweli. Mtaa mzima ulicheka. Dunleavy akampa hadi Ijumaa: sura ya pili ikishindikana, kazi hana.

Nyumbani kaka akanuna. "Hawa hawajui uchongaji."

"Na wewe hujui umbali. Kope za nini kule juu, wazihesabu njiwa?"

"Dada, unataka nifanye kituko?"

"Nataka nikione! Chimba macho mpaka ngumi izame. Pua mpe ya baba mdogo Calogero."

Alicheka, akakimbilia kiwandani, sahani ya tambi kaiacha.

Ijumaa mchana nilipoiona ile sura ya pili ikiwa bado chini, nilijuta kufungua mdomo. Mdomo pango, nyusi kama ngazi! Farasi wa muuza barafu alirudi kinyumenyume. Winchi ikavuta. Ghorofa ya kumi, bado mbaya. Ya ishirini, ikaanza kutulia. Ilipofika juu, jua likaingia kwenye yale mashimo, vivuli vikakaa mahali pake, na mzee mzima akatuinamia akicheka!

"Ananitazama mimi!" akapiga kelele muuza samaki.

"We nani hata akutazame? Ananitazama mimi!" nikamjibu, machozi yananitoka.

Dunleavy, shingo imempinda, akasema, "Nataka nyingine kumi na moja. Na zisifanane..."

Gervasio hakusubiri amalize. Alikuwa katikati ya barabara, anakimbilia kiwandani, tramu inampigia kengele.