Mikorosho Saba Yafikisha Mia Tano

Historia ya Mikorosho Saba haihitaji profesa. Mwaka 1993 Mwanaisha Likanga, mjane wa Mahurunga, alikuja na mzigo wa miti ya mihogo na sufuria mbili, akajenga kibanda ng'ambo ya bonde, upande wa juu wa Ufukoni, chini ya mikorosho saba isiyo na mwenyewe. Huo ndio uliokuwa uzinduzi. Hakuna aliyekata utepe. Mwaka uliofuata akaja Gideoni, kuli wa bandarini, mtu wa Mbeya aliyechoshwa na kodi za mjini. Wakafuata walimu, askari mmoja, walokole na spika yao, na wakulima waliotaka kusogea karibu na hospitali. Kila aliyekuja alikata mkorosho apate pa kuchimba choo. Kufikia 2002 ilibaki miwili. Jina hatukulibadilisha, maana vyoo havivutii wageni.

Mwanaisha alitaka jambo moja tu: shule. Watoto walivuka bonde kwenda kusoma, na mvua za Januari zililijaza. Mwaka huo wa 2002 mjukuu wake Asha alitolewa majini kwa kuvutwa nywele.

Akaenda ofisi ya elimu mjini, akakutana na bwana mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Bibi, mko wangapi huko?"

"Wengi."

"Wengi si idadi. Mkiwa chini ya mia tano, kwetu lile ni shamba la korosho."

"Korosho gani zinazokwenda shule?"

Akaambiwa asubiri sensa ya Agosti. Akasubiri kwa namna yake: alizuia safari mbili za Masasi na kuahirisha harusi moja, ili siku hiyo kila mtu alale kwake.

Karani wa sensa alikuwa Mwalimu Modesta, mwenyeji wa Songea, mpangaji wa Gideoni. Alihesabu siku kadhaa. Mchana wa siku ya mwisho akaketi mkekani kwa Mwanaisha, akajumlisha: mia nne sabini na watatu.

"Haiwezekani! Kwa Mustafa pekee wako tisa."

"Mkewe kasema sita, bibi."

Mwanaisha akashika kichwa. Vijana walikuwa jandoni! Na mama mwenye mtoto jandoni hamtaji: jina la zamani limekufa, jipya hutangazwa siku ya kutoka. Akiulizwa nani kalala hapa, hujibu kweli tupu: hayupo. Vijana thelathini na wanne walikuwa nyuma ya ua wa makuti, katika shamba la mihogo la Mwanaisha mwenyewe, mahali ambapo mwanamke hakanyagi.

"Andika thelathini na wanne, yaishe."

"Fomu inataka majina. Na kesho asubuhi nakabidhi."

"Niende mimi," Gideoni akajitolea kutoka mlangoni.

"Wewe ulitahiriwa hospitali. Nyamaza."

Saa kumi akina mama walipeleka chakula kwenye gogo la mpakani, kama kila siku. Mwanaisha akawatangulia pamoja na Modesta na fomu zake, akakaa juu ya gogo, mabakuli yote nyuma yake.

"Shemeji," akaita mlezi wa kambi, Mzee Omari, kutoka uani, "mbona chakula kimechelewa?"

"Hakijachelewa. Hakina walaji. Nasikia humo hamna mtu."

"Wamo thelathini na wanne!"

"Majina yao?"

"Majina ni Jumamosi ijayo, unajua vizuri!"

"Basi na ugali Jumamosi ijayo."

Mke wa Mustafa akanong'ona, "Bibi, utatuletea laana."

"Laana nitaibeba mimi. Wewe shika bakuli lako."

"Utapigwa faini ya jogoo!" Omari akafoka.

"Nitaleta wawili. Asha alikunywa maji ya bonde lile, shemeji. Sitoki hapa."

Upepo ukapeleka harufu ya samaki wa kukaanga upande wa ua, na humo ndani yakaanza manung'uniko ya njaa. Wazee wakateta. Hatimaye Omari akatoa sharti: mama asisikie jina kabla ya siku yake.

Basi akina mama wakarudi nyuma, wakageuza migongo, wakaziba masikio na kuimba kwa nguvu zote. Modesta, ambaye hakuwa mama wa yeyote mle, akabaki gogoni na kalamu. Omari akatangaza majina. Ishirini yalikuwa ya heshima. Kisha akaishiwa, ugali unapoa, akaanza kugawa chochote kilichopita kichwani: Meja, Dizeli, Saruji.

Jumla: mia tano na saba.

Mwanaisha alipeleka majogoo wawili kesho yake, wanono, asije mtu akasema amepunja.

Shule ilifunguliwa Januari 2004, madarasa mawili, mvua ikinyesha. Asha alikaa karibu na mlango, sketi kavu. Bibi yake akachungulia dirishani mpaka Mwalimu Modesta akamfukuza, "Bibi, niache niite majina! Saruji Mustafa?"

"Yupo!" akaitikia mke wa Mustafa kutoka nje, kabla mwanawe hajafungua mdomo.