Kwaheri Iliyoishia Kwenye Laptop Yangu

Jamani, kuna aibu za kuchekesha, zile za kuvaa viatu viwili tofauti au kusinzia kwenye basi mpaka ukaamshwa depo, hizo nawahadithia kila tukikutana na wala sioni tabu. Hii ya leo nimekaa nayo tangu mwaka jana na mpaka sasa nikipita Barking nageuza uso nisiuone ule ukumbi wa kanisa, kwa sababu mle ndani, mbele ya Watanzania karibu wote ninaowajua hapa Landani, mimi Baba Irene, fundi, mtaalamu, mjuaji wa kila kitu, nilimnyima mtu kumuaga mama yake. Mkitaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu mnaijua. Nipo kwenye lile ghala kule Edmonton, kompyuta zote pale, kama laptop yangu, zinaendeshwa na Linux badala ya Windows, na programu ya kupokelea mizigo imeandikwa kwa Java, sasa hiyo Java ikianza kuburuta miguu, au ikifungua dirisha jeupe lisilo na kitu ndani, anaitwa Baba Irene. Nakuja na kikombe changu cha chai, naangalia ni Java toleo gani, naangalia imepewa memori kiasi gani, naangalia ni programu gani inaila mashine, narekebisha, naondoka zangu, nyuma nawasikia wakinisifu. Mtu ukisifiwa kila siku kichwa kinavimba, na changu (Mama Irene atawaambia) kilikuwa hakipiti mlangoni.

Sasa Dada Upendo ni jirani yetu, rafiki wa mke wangu, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mama yake alifariki kule Marangu, ghafla tu, na Upendo hakuweza kwenda kuzika kwa sababu makaratasi yake yapo uhamiaji, akivuka uwanja wa ndege ndiyo basi, harudi tena kwa watoto wake. Alilia yule dada mpaka sauti ikakauka. Ndipo kaka yake, Elia, aliyekuwa anasimamia msiba kule nyumbani, akasema siku ya maziko, wakati wa kuaga, kabla jeneza halijafungwa, Upendo atapiga simu ya video, wao wataiunganisha kwenye spika, aongee na mama yake mbele ya watu wote. Na mnajua kwetu kuaga ndiyo msiba wenyewe, mengine yote ni kula na kuimba. Upendo akaja kwangu.

"Shem, wewe ndiyo mtu wa mitambo," akaniambia. "Mimi sitaki makubwa. Nataka tu asifunikwe kabla sijasema neno."

"Dada, hilo niachie mimi," nikamjibu.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanyaje? Angeweka simu mezani, akapiga, kwisha habari. Mimi nikasema hapana, huyu mama alikuja kukaa huku Upendo alipojifungua, alitupikia mtori, ile supu ya ndizi ya mama aliyejifungua, sisi sote mpaka wanaume, lazima aagwe kwa heshima. Nikakaa nikaandika programu yangu mwenyewe, kwa Java, ya kupitisha picha za marehemu ukutani kwa projekta, upande mmoja picha zinabadilika polepole, upande wa pili ndiyo simu ya video yenyewe. Mama Irene akanitazama, akasema, "Baba Irene, si upige simu tu? Mpaka uandike programu, kwani ni harusi?" Nikamwambia haya mambo huyajui. Nyumbani nikaijaribu na picha chache alizonipa Upendo, ikateleza kama samli.

Siku yenyewe nikafika ukumbini mapema na laptop yangu, projekta nimeibeba mgongoni kwenye treni kama mtoto mgonjwa. Watu wakaanza kuingia, akina mama na kanga zao, pole nyingi, vilio, na hapo ndipo nilipofanya kile kijikosa kidogo kilichozaa vyote. Mama Dorcas, yule nesi mstaafu tunayemheshimu kama mama yetu sote, akaniona na picha ukutani, akaja na simu yake: "Mwanangu, na hii uiweke, tulipiga naye sokoni." Nikaiweka. Wa pili akaona, naye akaja na yake. Utamkatalia mtu picha msibani? Atakuelewaje? Wakapanga foleni, kila mtu na picha zake na marehemu, picha za simu za siku hizi zile nzito nzito, nami nazipokea na kuziingiza zote kama zilivyo, hata kuzipunguza ukubwa sikuzipunguza. Na mimi nikaona nisibaki nyuma, nikaongeza ya kwangu, maana ninayo moja tu niliyopiga naye, ya harusini: mimi nacheza, ulimi nje, paja la kuku mkononi, yeye yuko kwenye kona anapiga makofi.

Programu ikaanza kuvuta. Picha moja ikija haiondoki. Ugonjwa huo naujua: Java hupewa kiasi chake cha memori, ikijaa inaanza kujifagia ipate nafasi, na kama vyote vilivyomo bado vinatakiwa, basi inafagia tu, inafagia, kazi haifanyiki, kama mama mwenye nyumba aliyejaza wageni sebuleni halafu anataka kupiga deki. Dawa yake ni kuifunga na kuifungua upya ukiwa umeiongezea memori. Kazini huwa nawaambia watu, ongeza kidogo tu, mashine ina wengine wa kuwalisha. Mimi pale, watu wananitazama, nikaipa karibu yote.

Na ikapona! Picha zikaanza kupita vizuri, ukumbi mzima "eeeh", wengine wanalia kwa kumwona mama wa watu anacheka ukutani, mzee mmoja akaja akanishika mkono akasema Mungu akubariki kijana. Nikajiona, jamani, msiseme, nilijiona. Mama Irene akanisogelea kimyakimya: "Chukua simu yangu ukae nayo karibu, ikigoma hiyo tupige kwa hii." Nikamjibu, "Mke wangu, usinitie nuksi." Akarudisha simu kwenye mkoba.

Tukapiga. Elia akapokea, tukaona turubai, watu, migomba kwa nyuma, halafu akageuza simu tukaona jeneza limefunguliwa, na uso wa mama. Tukamsikia MC wa kule akisema sasa anaitwa kitindamimba wa marehemu, yuko Landani, tunaomba ukimya. Elia akaiweka simu kwenye kisimamio chake pale kwenye spika, akasimama mbele yake. Upendo akainuka, akavua viatu, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaja mpaka mbele ya laptop yangu. Akafumba macho.

"Mama," akasema, "ni mimi."

Hapohapo nikaona taa ya diski kwenye laptop inawaka, haizimi. Elia alikuwa ameinua mkono afute jasho, mkono ukabaki hewani. Nikajua. Zile picha zote zilikuwa zimeendelea kuingia, memori imekwisha, ya kuendeshea simu ya video haipo, mashine imeanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski yenyewe ya zamani. Nikasukuma mausi, haiendi. Nikabonyeza kitufe hiki na kile kichinichini, kimya. Na Upendo anaongea. Akina mama wameinamisha vichwa kama kwenye sala, wanalia, hakuna anayetazama ukutani isipokuwa mimi.

Hapo ningesema "Dada, subiri kidogo," yangeisha. Neno moja tu! Sikulisema. Nilijiambia itarudi, sasa hivi itarudi, nikaona aibu ya kumkatiza mbele ya watu, aibu ya mimi fundi kuonekana nimeshindwa, nikamwacha yule dada amwage moyo wake wote mbele ya mashine iliyoganda. Aliongea, akalia, akaongea, akanyamaza, akasema amina.

Linux ikizidiwa kabisa huchagua programu moja iifunge kwa nguvu ili nyingine zipumue. Basi ikachagua, na ikachagua ile simu ya video. Elia akatoweka, programu yangu ikajitanua ikajaza ukuta mzima, na picha iliyokuwa zamu yake, ndugu zangu, ni mimi. Ulimi nje. Paja la kuku. Ukubwa wa mlango wa gereji, na imeganda.

Nyuma kulikuwa na Mama Dorcas, alikuwa anafuatilia matangazo ya msiba kwenye simu yake, yale wanayorusha mtandaoni kwa kila mtu, ambayo unaona na kusikia ila wewe husikiki, na huchelewa kidogo. Katika ukimya ule sauti ya MC ikatoka mle: "Upendo, mama, hatukusikii. Landani? Landani, mnatusikia?"

Upendo akafumbua macho. "Nipo!" akasema, akakimbilia ile simu, "nipo kaka, nipo hapa!" Anaijibu simu isiyompeleka popote. Mama Irene tayari anapiga namba ya Elia, inaita tu, maana fundi wa spika wa kule alishaichomoa akaitia mfukoni. Na MC anaendelea: "Naona mtandao wa Landani umegoma, tuwaombe radhi. Mchungaji, mvua inakuja, tuendelee." Tukazunguka kile kisimu cha Mama Dorcas, ukumbi mzima umekusanyika kwenye kioo cha kiganjani, tukaona wanaume wanainua kifuniko, wanakiweka, wanakaza. Na mimi ukutani nacheza. Mama Dorcas ndiye aliyevua kanga yake ya mabegani akaenda kuifunika projekta, wala hakunitazama.

"Shem," Upendo akaniita. "Hawajasikia?"

Nikainamia laptop, nikabonyeza tena.

"Hata neno moja? Lakini mimi nimesema yote. Nimemaliza."

Na mimi mjinga, badala ya kupiga magoti, mnajua nilifanya nini? Nikaanza kumweleza habari za memori! Kwamba Java hii, unajua Dada, ukiipa kubwa kupita kiasi... Mama Irene akanikata, "Nyamaza, Baba Irene. Nyamaza kabisa." Hakuna aliyenitukana, na bora wangenitukana. Waliniletea sahani ya chakula kama mfiwa, nikaishika tu magotini. Elia alikuja kupatikana mama amekwisha kushushwa, akasema anaweza kuiweka simu juu ya kaburi, Upendo akakataa.

Baada ya hapo nilimkwepa. Nikimwona kituo cha basi nashuka kinachofuata, kama mwizi. Mwisho Mama Irene akaniambia, wewe mwanaume, utamkimbia jirani mpaka lini, nikaenda. Nilimkuta jikoni kwake ametoka shifti, bado na sare ya kazi, miguu imevimba. Nikaomba msamaha, safari hii bila Java. Akaniwekea chai. Halafu akauliza:

"Shem, wewe si unakwenda nyumbani Desemba?"

"Nakwenda, Dada."

"Makaratasi yangu bado. Pita Marangu. Simama pale kwa mama umwambie yale niliyosema. Wewe ulikuwa karibu yangu kuliko wote. Uliyasikia."

Wallahi nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini ukweli ni kwamba sikusikia. Nilikuwa nimesimama pembeni yake kabisa na sikusikia kitu zaidi ya "ni mimi", kwa sababu nilikuwa natazama taa ya diski.

"Dada, nisamehe," nikasema. "Sikusikia. Nilikuwa naangalia mashine."

Hapo nilitegemea anifukuze, na angenifukuza nisingelaumu. Tangu siku hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi wangu: msibani mimi nitaosha sufuria, nitapanga viti, nitabeba maji, lakini mtu asinikabidhi waya. Na mtu akiniambia tumia simu, natumia simu. Fundi anayeona aibu kusema "imegoma" ni hatari kuliko mashine mbovu.

Upendo hakunifukuza. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akavuta kiti akakaa mbele yangu magoti yakikaribia kugusana, akaanza upya. Alisema yote, polepole, tangu "mama, ni mimi" mpaka amina, na mimi mikono nimeikunja mapajani, namtazama mdomoni. Maneno yenyewe siwaambii, si yenu wala si yangu.

Alipomaliza akaniuliza, "Umeyashika?"

"Nimeyashika."

"Rudia," akasema.

Nikarudia.