Nilipigwa Kama Mwizi wa Mtoto Nikivua Samaki na Mjukuu Wangu

Mtu wa kwanza kunipiga alitumia helmeti ya bodaboda. Wa pili alitumia fimbo yangu mwenyewe ya kuvulia samaki.

Baada ya hapo sikujua tena ni nani ananipiga na nini.

Wacha niwaeleze, maana ile video wengi mliitazama, na maneno yaliyoandikwa juu yake, eti mwizi wa watoto ashikwa, ni uongo mtupu.

Naitwa Reuben Nzomo. Nilifanya kazi kiwandani Athi River mpaka nikastaafu, sasa nalima mahindi na maparachichi Kathiani. Binti yangu Nthenya anaishi Syokimau na mtoto wake, Nzisa, wa miaka minne. Likizo ya Agosti akaniletea huyo mtoto akae na mimi.

Tatizo ni kwamba hatukuwa tumezoeana. Nzisa alikuwa akiniangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima.

Nikasema nitampeleka Machakos mjini. Kuna bustani iko na bwawa dogo la tilapia, watu huvua pale wikendi. Nikaona tukishika samaki mmoja tu, tutakuwa marafiki.

Jumamosi tukafika, nikaweka minyoo kwa ndoano, tukakaa kwa nyasi. Kando yetu kulikuwa na mama wa sweta ya kijani. Mtu mzima, mpole kabisa. Akampa Nzisa biskuti.

"Unaitwa nani, mrembo?"

"Nzisa."

"Na mami anaitwa nani?"

"Nthenya. Tunakaa Syokimau."

Nilifurahi hata. Mtoto ambaye hakuwa anaongea, leo anaongea.

Mara uzi ukavutwa. Nikatoa tilapia mzuri, anarukaruka kwa nyasi, Nzisa akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Halafu nikafanya vile nimefanya maisha yangu yote. Nikaokota jiwe, nikampiga samaki kichwani.

Damu ikaruka kwa gauni ya mtoto.

Nzisa alitoa mlio ambao sijawahi kusikia. "Umemuua! Umemuua!" Akageuka akaanza kukimbia, na alikuwa anaelekea majini.

Nikaruka nikamshika mkono.

"Niache! Sitaki wewe! Nataka mami!"

Sasa jiweke mahali pa mtu anayepita. Mzee na jiwe mkononi. Mtoto ana damu kwa nguo, analia anamtaka mamake.

Yule mama wa sweta akasimama. Akapiga kelele bustani nzima ikasikia.

"Mwizi wa watoto! Huyo si mtoto wake! Mimi namjua huyo mtoto, anaitwa Nzisa, mamake ni Nthenya, jirani yangu Syokimau!"

Kwanza nilidhani anatania.

"Mama, huyu ni mjukuu wa—"

Helmeti ikanipata mdomoni. Nikasikia meno yakivunjika, nikayatema na damu. Kijana aliyenipiga anaitwa Musili, jina nililijua baadaye.

Mtu akamuuliza Nzisa, "Unamjua huyu mzee?"

Mtoto wa miaka minne, amezungukwa na watu wazima wanaopiga mayowe. Angejibu nini? Alilia tu.

"Si mnaona!" yule mama akasema. "Mtoto hata hamjui!"

Nikaanguka. Mateke yakaja mbavuni, mgongoni, kichwani. Mtu alisimama juu ya goti langu na buti na goti likalia kaa! Fimbo ikavunjikia mgongoni kwangu. Kijana mmoja alikuwa anashika simu juu, anarekodi, anacheka.

"Leteni petroli!" mtu akasema.

Niliwaza jambo moja tu. Nani amemshika Nzisa?

Simu yangu ikalia mfukoni. Musili akaitoa, akaiweka kwa spika watu wote wasikie.

"Hallo? Baba? Nzisa ameshika samaki ama bado?"

"Wewe ni nani?" Musili akauliza.

"Ni Nthenya. Nipatie baba yangu. Mbona kuna kelele? Nzisa yuko wapi?"

Mateke yakaisha. Mtu aliyekuwa juu ya goti langu akashuka polepole, kama mtu anayetoka kwa kitanda cha mgonjwa.

"Mama," Musili akasema, "huyu mzee ni... ni babako?"

"Ndio ni baba yangu! Mtoto yuko wapi?"

Kila mtu akaangalia nyuma.

Sweta ya kijani haikuwepo. Nzisa hakuwepo.

Wao wenyewe walikuwa wamempatia yule mama mtoto, mkononi, huku wakinipiga.

Musili alinibeba kama gunia akaniweka kwa pikipiki. Ile helmeti iliyonivunja meno ndiyo alinivalisha. Tukatoka mbio, mimi nimemshika kiuno, damu yangu inamwagika kwa koti yake.

Tulimpata yule mama chini kwa lango la pili, anaingiza Nzisa kwa gari dogo jeupe. Alikuwa amemfunga leso kichwani na kumfunika mdomo na kiganja. Musili akaiweka pikipiki mbele ya gari, akamshika yule mama mkono. Yule mama akatoa kisu cha jikoni, akamkata Musili mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Musili hakuachilia. Nzisa akamuuma mama kidole, akaponyoka.

Alikuja kwangu. Uso wangu ulikuwa umevimba hata mimi nisingejitambua, lakini alikuja kwangu.

Dereva alikimbia. Lile kundi likatufikia, na sasa lilikuwa na aibu ya kufuta.

Walimpiga yule mama vibaya kuliko mimi. Na niseme ukweli, nilifurahi. Niliokota jiwe nikamrushia, likampata begani, nikatafuta lingine.

Tairi likaja likibingirishwa. Petroli ikaja kwa chupa ya soda.

Nzisa alikuwa ameshika suruali yangu, macho wazi, anaangalia yote.

Nikawaambia, "Wacheni. Mtoto anaangalia."

"Mzee, toka hapo!"

Nikataka kumsogeza mtoto, lakini goti likakataa. Nikaanguka chini, kando kabisa ya yule mama, Nzisa juu yangu. Hakuna mtu angemwaga petroli bila kutumwagia sisi. Musili akaona, akaja akasimama mbele yetu, mkono unachuruzika damu.

"Leo tumeshakosea mara moja," akawaambia. "Anayetaka kuwasha aanze na mimi."

Tukakaa hivyo mpaka polisi wakafika.

Nililazwa. Nthenya alikuja akalia, akanikemea, akalia tena. Musili alikuja na mkono umeshonwa, akakaa kwa kiti, akanimenyea chungwa.

Halafu afisa wa upelelezi akaja.

Akaniambia yule mama alikubali kuonyesha anakoishi. Ndani ya nyumba yake, nyuma ya mlango uliofungwa na kufuli, walipata mvulana mdogo. Mzima, lakini amekonda.

Alikuwa ameibwa kwa njia hiyo hiyo, sokoni, mbali na hapa. Huyo huyo mama alipiga kelele, watu wakampiga mzee aliyekuwa na mtoto.

Huyo mzee hakupigiwa simu na mtu. Alichomwa. Alizikwa kama mwizi, na alikuwa ndiye babu.

Na kama tungemchoma yule mama langoni, hakuna mtu angejua ule mlango uko wapi. Mvulana angefia mle ndani.

Wewe unayesoma hii, siku utasikia mtu akiitwa mwizi, mikono ikikuwasha, shika kwanza huyo anayepiga kelele, muulize maswali. Mpigie simu mzazi. Ita polisi, hata wakichelewa.

Na ile video kama bado uko nayo, ifute. Nzisa atajifunza kusoma karibuni.