Hukumu za Tumbo la Mzee Ulimi

Katika kituo cha kukusanyia maziwa walikuwapo watu wengi wenye vyeo, lakini mwenye kiti chenye mto alikuwa mmoja tu, naye ni Mzee Ulimi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahauliwa hata na wale waliompa mkono kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuonja, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeonja kama yeye, kiungo kimoja kilikuwa kimemmeza mtu mzima.

Aliketi nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kupitisha mkono. Wafugaji walipanga foleni upande wa pili na madumu yao; mpokezi akachota, akapitisha kikombe cha bati, na Mzee Ulimi akaonja pasipo kujua maziwa ni ya nani. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, akaupenda kuliko baadhi ya wanawe. "Mimi sioni sura," alizoea kusema. "Mimi naona maziwa." Akisema yapite, yalipita. Akisema yarudi, yalirudi, na mfugaji aliyerudishiwa mara ya tatu alifutwa, asikanyage tena pale.

Jambo jingine alilojivunia ni kwamba hakutema. Waonjaji wa vituo vingine walikuwa na beseni la kutemea. Yeye alimeza hata tone la mwisho, akishikilia kwamba kutema maziwa ni kumrudishia Mola riziki yake usoni. Kwa hiyo hakuwa na huruma na mtu yeyote aliyeshindwa na maziwa. Shemeji yake, fundi saa, kaka wa mkewe, aliyaacha kabisa mvi zilipomwingia. Akaeleza kwa upole, mbele ya wageni, kwamba daktari amemwambia miili ya wengi, kadiri inavyozeeka, hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari iliyomo katika maziwa, na kwamba hilo si ugonjwa wa kuonewa haya. Mzee Ulimi alicheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji," akamuuliza, "tumbo lako limepanda cheo gani hata linachagua?"

Fundi saa aliendelea kukoroga chai yake kavu isiyo na maziwa kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Miaka ikapita, mvi zikamfikia na mcheka wenzake, na pamoja na mvi zikaja ngurumo. Zilianza jua likishapanda, foleni ikikaribia kwisha. Tumbo lilivimba, likakaza kama ngoma, kisha likanena. Mzee Ulimi alijifunza kwenda msalani nyuma ya ghala kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, anayekimbia bila kutaka ijulikane kuwa anakimbia.

Mtu mwingine angelishuku tumbo. Mzee Ulimi aliyashuku maziwa. Hoja yake ilikuwa imara kama mnara uliojengwa juu ya mchanga: tumbo hili limekunywa maziwa umri mzima bila kinyongo, leo limelalamika, basi ndani ya maziwa ya leo mmetiwa kitu. Na kikombe kilichokuwa mkononi mwake ngurumo zilipoanza ndicho alichokihukumu. Hakukumbuka kwamba maziwa huchukua muda kufanya yao, na kwamba vikombe vyote vya asubuhi ile vilikuwa vimekutana tumboni vikijadiliana. Wa mwisho katika foleni akawa mkosaji wa kudumu.

Wa mwisho alikuwa Mama Mapacha, kwa sababu hakuna aliyetoka mbali kama yeye, akisukuma baiskeli yenye dumu na ng'ombe wake akiwa mmoja. Alirudishiwa mara ya kwanza, akarudishiwa mara ya pili. Meneja alitumbukiza kipimo chake cha kioo, kipimo kikaelea vizuri, akasema maziwa hayana dosari. Mzee Ulimi akamjibu kwamba kioo hakina ulimi, na meneja, aliyejua wanunuzi wanaliamini jina la nani, akakikausha kioo chake akakirudisha mahali pake.

Siku hiyo Mama Mapacha alipita nyumbani kwa Mzee Ulimi, akamkuta mkewe akipepeta mchele. Hakulia. Alisema tu kwamba akirudishiwa tena amekwisha, na wanawe wamekwisha naye. Mke wa Mzee Ulimi akauweka ungo chini. Tumbo lile alikuwa akilisikia kila siku, na alikwisha kuona kwamba siku kituo kikifungwa na mumewe akanywa chai kavu, nyumba hutulia. Alimwambia mara nyingi, akajibiwa kwamba mwanamke hawezi kumfundisha tumbo lake.

"Kesho utatangulia mbele," akamwambia mgeni wake. "Wa mwisho atakuwa mwingine."

Kesho yake wafugaji walimpisha Mama Mapacha kwa furaha isiyo ya kawaida, na meneja, ambaye naye alikuwa amenong'onezwa, akasimama karibu na mizani. Kikombe cha kwanza kikapita kidirishani.

"Yapite," ikasikika sauti. "Haya yametoka kwa mtu mcha Mungu."

Mama Mapacha akainamisha uso. Foleni ikasogea, ikapungua, ikafikia dumu la mwisho. Kikombe kikapita, kisha nyuma ya ukuta ikasikika ngurumo ndefu.

"Yarudi! Yametiwa kitu. Aliyeyaleta ni laghai, na nyumba yake haina haya."

Meneja akamwomba atoke nje akamwone laghai. Mzee Ulimi akatoka, mkono tumboni, akamkuta mkewe ameshika dumu la kuazima.

"Ni ya ng'ombe wako, Baba Watoto," akasema. "Nimemkamua alfajiri, nawe ulimshikia kamba. Na hiyo nyumba isiyo na haya ndiyo tunayolala."

Wafugaji waliangua kicheko, wengine wakaegemea madumu. Mama Mapacha peke yake hakucheka.

"Mzee Ulimi, nataka neno moja tu. Maziwa yangu ya jana yalikuwa na nini?"

Mzee Ulimi akamtazama meneja, akautazama ukuta, akakitazama kwa mlango uliokuwa wazi kile kiti chenye mto. Akikiri, kila hukumu aliyopata kutoa ingetiwa shaka. Akinyamaza, mama huyu angebaki ukingoni mwa kufutwa. Tumbo likatangulia kujibu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Hayakuwa na kitu," akasema. "Kitu kilikuwa kwangu."

Akaelekea msalani, safari hii akikimbia waziwazi.

Mama Mapacha alisafishwa jina. Mzee Ulimi hakunyang'anywa kiti, maana ulimi wake ulikuwa bado mzima, ila kando ya kiti liliwekwa beseni. Siku ya kwanza alitema huku amefumba macho kama atendaye dhambi. Haukupita muda akawa anawafundisha watu kwamba kumeza ni ulafi, na kwamba mwonjaji mwenye adabu hutema, kwani hakimu hali mali inayogombewa.

Ila kwa shemeji yake hakuwa na fundisho. Alikwenda Ijumaa moja mchana, akaketi kando ya meza iliyojaa saa zilizofunguliwa. Fundi saa akaleta chai, akaishika birika ya maziwa, akamtazama kwa macho makavu kabisa.

"Nikutilie, shemeji? Au limepanda cheo?"

Mzee Ulimi akavuta kikombe karibu yake, akaomba sukari.

"Limepanda," akasema.