Sauti Yangu Inawaibia Akina Mama wa Kwetu

Admin, nifiche vizuri, maana huko kwetu hata ukitaja rangi ya ng'ombe wa baba watu watajua ni mimi. Niko na miaka ishirini na saba, sijaolewa, napanga chumba kimoja hapa Kitengela. Nyumbani ni mbele ya Kajiado mjini, na mama yangu anaishi huko na dada yangu mdogo. Sisi ni Wamaasai, na kazi yangu ni sauti. Narekodi matangazo ya harusi, ya maduka ya hadwea, ya kanisa, kwa Kiswahili na kwa Kimaa. Narekodi mchana majirani wakiwa kazini, nikiwa nimejifunika blanketi mbili ili malori ya barabara ya Namanga yasisikike. Mkicheka chekeni, ndiyo studio yangu hiyo.

Miezi michache iliyopita nilipata mteja kwenye mtandao mmoja wa kutafutia kazi. Alisema yuko na shirika la mifugo linalotaka kupigia simu akina mama walioumizwa na ukame, na simu hizo ziongee Kimaa. Alikuwa na adabu huyo mtu, kila sentensi ni "dada". Akaomba tuache kuongea ndani ya ule mtandao, tuongee kwa simu, eti ndio kazi iende haraka. Nikakubali. Akaomba sampuli kwanza bosi wake asikie. Nikakubali. Sampuli yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa kazi yote. Alinitumia maneno kwa Kiswahili, nikayatafsiri, nikayasoma: kwamba mama amechaguliwa kupata chakula cha mifugo, na atume ada ya usajili kwa namba atakayopewa. Sikuweka mlio wowote wa alama juu ya ile sauti ili asiweze kuitumia kabla ya kunilipa, sikuomba mkataba, sikujua hata jina lake la pili. Nilitaka kazi, na tamaa ikanifunga macho.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Maneno yake yalianza ghafla kama tangazo la redio. Nikamwambia hapana, mama wa kwetu akisikia hivyo atakata simu. Kwanza mwite Yeyo, yaani mama, umsalimie "takwenya", halafu unyamaze kidogo umpe nafasi ya kujibu "iko". Akishaitikia salamu hawezi tena kukukatia, atajiona amekosa adabu. Mteja alifurahi sana. Mimi nami nikajiona bingwa, nikarekodi upya na ile nafasi nikaiacha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimfundisha mwizi kubisha hodi kwa lugha yetu.

Baada ya siku mbili, hajanilipa hata shilingi, picha yake ya wasifu ilipotea, kisha namba ikawa haipatikani. Nililalamika kwa wenye mtandao, wakanijibu kwamba tuliongea nje, kwa hivyo hawawezi kunisaidia. Nikajiambia ni sampuli tu, yaishe.

Haikuisha. Dada yangu alinipigia akinong'ona. Alisema akina mama wengi wa kanisa lao wametapeliwa kwa simu, na chifu aliita baraza. Mmoja wao simu yake ilikuwa imerekodi mazungumzo, wakaiweka kila mtu asikie. Dada alinitambua kabla salamu haijaisha. Chifu akamuuliza mama yangu, kwa sababu ndiye kiongozi wa akina mama, kama anaijua hiyo sauti. Mama akasimama, akasema haijui.

Nilienda nyumbani Jumamosi hiyo hiyo. Mama alinipa chai kwa kikombe cha wageni. Nilimweleza yote, mteja, sampuli, mtandao, nikalia nikieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mtu anakuibia sauti namna gani, na bado uko nayo?"

Nikaanza tena kueleza. Akanizuia kwa mkono. "Nimedanganya chifu juu yako. Usinifanye nidanganye mara ya pili."

Niliporudi Kitengela nilienda polisi. Afisa aliniuliza nimeibiwa nini, nikasema sauti, akatabasamu. Lakini alinishauri kwa uzuri. Alisema nikiandikisha taarifa, mshukiwa wa kwanza ni mimi, kwa sababu sauti ni yangu, tafsiri ni yangu, na huyo mteja hana jina wala uso. Nilitoka bila kuandika chochote. Naogopa, sitawadanganya.

Sasa sikieni kilichonifanya niwaandikie. Wiki jana hiyo simu ilimpigia mama mwenyewe. Dada alikuwa jikoni akasikia yote, maana mama huweka simu kwenye spika. Mama hakuwa ameamini maelezo yangu kwamba ni kitu kilichorekodiwa, alidhani ni mimi niko upande wa pili. Niliponyamaza pale baada ya salamu, mama alianza kunibembeleza. Aliniambia, "Mwanangu, acha. Rudi nyumbani, tutalipa hawa watu pole pole." Na sauti yangu ikaendelea tu kumsomea habari za usajili, bila kumjibu.

Mama anaamini nilimsikia. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu hata moja, na dada amekatazwa kunitaja pale nyumbani.

Baraza lingine ni wiki ijayo. Nikisimama niseme sauti ni yangu, mama anakuwa mwongo mbele ya wanawake aliosali nao tangu sijazaliwa, na sijui kama mimi nitatoka hapo nikiwa huru. Nikikaa kimya, simu zinaendelea, na kila mama anayeitikia ananiitikia mimi. Nyinyi mnaofanya kazi za mtandaoni, kuna aliyewahi kunyang'anya mteja kitu ambacho alishampa? Na nyinyi mlio na mama, mimi nitamwambia nini wangu aamini, na sauti ya kumwambia ni hii hii? Nishaurini, tafadhali. Matusi nitayasoma pia, ila mnipe na njia.