Basi Lililogeukia Tezo

Basi la kwanza maishani mwangu nililoliruhusu kuondoka lilikuwa na abiria wawili na kuku mmoja. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, katika depo kubwa ya shirika la mabasi ya umma jijini Mombasa. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Tezo aliyemaliza shule juzi tu, sare imenizidi mabegani, kipenga kipya kinaning'inia shingoni. Cheo changu kiliitwa mtunza saa. Watu hudhani mtunza saa ni mtu wa kukaa na kutazama ukutani. Kazi yenyewe ilikuwa hii: saa ya basi ikifika unapiga kipenga, na dereva anaondoka. Kisipolia haendi, na kikishalia hana ruhusa ya kubaki hata kama mkewe yuko njiani anamletea chai.

Basi hilo lilikuwa la Rabai, na mimi niliona haya kuliachia likiwa vile. Nikamwendea Mkaguzi Mkuu, mzee wa Mji wa Kale aliyetusimamia sote na ambaye hakuna aliyepata kumsikia akipaza sauti.

"Shikamoo, Mkaguzi. Basi la Rabai lina watu wawili tu. Tulicheleweshe kidogo lipate watu?"

"Marahaba, mwanangu. Hao wawili wameiwahi saa yao au hawakuiwahi?"

"Wameiwahi."

"Basi wamekosa lipi hata waadhibiwe? Adhana haingoji msikiti ujae. Nenda kapige kipenga, bibi."

Nikapiga. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, na dereva akanicheka mpaka akatoka langoni.

Mzee yule alinifundisha kazi kwa miaka mingi, na kikubwa alichonifundisha ni mwachano. Mwachano ni nafasi iliyopo kati ya basi na basi linalolifuata. Mwachano ukiwa sawa, abiria hahitaji hata kumiliki saa, maana anajua basi limepita na jingine laja. Lakini likicheleweshwa moja, litawakuta watu wengi zaidi kila kituo, litachelewa zaidi kuwapakia, na la nyuma litalifikia likiwa tupu. Ndipo mnaona mabasi mawili yakifuatana kama mapacha, halafu kimya mpaka miguu iote mizizi. Watu hulaumu madereva. Mimi hutafuta ni nani aliyelizuia lile la kwanza.

Baadaye nilihamishiwa njia ya Rabai, nikapandishwa cheo nikawa mkaguzi. Mkaguzi alikuwa na amri moja ambayo hata meneja hakuwa nayo: kukata safari. Maana yake, njia ikivurugika, mkaguzi aliyeko barabarani anaweza kulisimamisha basi katikati, akaligeuza lirudi lilikotoka na kuwahudumia watu wa huko, bila kumwuliza mtu ofisini. Aliyetunga kanuni hiyo alijua kwamba ofisi haioni barabara. Nilikata safari nyingi kule Rabai, mvua ziliponyesha na mlima ukawa utelezi, wala hakuna aliyenihoji.

Kisha nikapelekwa Malindi kusimamia njia ndefu kuliko zote, ile ya kutoka Malindi kupitia Tezo na Kilifi mpaka jijini. Nilikuwa huko ruzuku ilipokatwa. Ruzuku ni fedha ambayo serikali hulipa shirika ili nauli ibaki ya kumfaa mtu wa kawaida. Ilipungua kwanza, tukajifunga mkanda, halafu siku moja haikuja kabisa. Dizeli ikawa inanunuliwa ya siku moja moja. Matairi yakawa vipara. Kule gereji ya Kilifi, ambako mabasi yetu yalilala usiku, Mkuu wa Gereji alianza kuyachinja. Ndivyo walivyosema mafundi wenyewe: basi zima linachinjwa, linatolewa giaboksi na breki ili mengine yaishi. Nilimwona mtu mzima yule akifungua nati za basi alilolipokea jipya, na uso ameugeuzia ukuta.

Hapo ndipo tulipoletewa Meneja wa Kanda. Alikuwa kijana wa bara, msomi, na sitamsingizia: hakuwa mwizi wala mvivu. Alitumwa kuliokoa shirika bila kupewa kitu cha kuliokolea. Asubuhi yake ya kwanza Malindi alisimama kando yangu basi la alfajiri likiondoka nusu tupu.

"Kadzo, hii gari inabeba hewa," akaniambia. "Unajua hewa hailipi nauli?"

"Viti vile vina wenyewe, Meneja. Wako Matsangoni na Tezo."

"Mimi nahesabu wenye wako hapa. Kuanzia kesho, gari haitoki mpaka ijae. Wenye magari ya watu binafsi wanafanya hivyo na hawafilisiki."

"Hao wako na magari mengi, na hakuna aliyewaahidi watu saa. Sisi tuliahidi. Basi likijaa hapa, mtu wa Tezo atapanda wapi?"

"Akuje Malindi apande," akasema, na akaenda zake kunywa chai.

Nimeitafakari kauli ile miaka yote hii na bado inanipandisha damu. Mtu wa Tezo anakwenda Kilifi, kusini. Malindi iko kaskazini. Alikuwa anamtaka alipe nauli ya kurudi nyuma ili aweze kwenda mbele. Na walikuwapo waliofanya hivyo, nikawaona kwa macho yangu, wamepanda chochote usiku kuja Malindi ili wapate kiti cha kupitia mlangoni kwao.

Kesho yake nilipiga kipenga kwa saa yake kama kawaida. Na keshokutwa. Meneja akaleta wapiga debe wamzuie dereva, na wapiga debe wakaleta ujanja wa stendi: wakawakodi vijana wa kukaa vitini ili basi lionekane limekaribia kujaa. Abiria wa kweli anaingia, anaketi, analipa, kisha wale wa kukodi wanashuka mmoja mmoja wakijifanya wanakwenda kununua maji. Mmoja alipitiwa na usingizi, akaamkia Kilifi, akataka shirika limrudishe kwao bure. Tulicheka siku ile, lakini basi lenyewe lilikuwa limetoka Malindi jua limeshapanda.

Mwisho Meneja alininyang'anya kipenga mbele ya madereva, akanihamishia kituo cha Tezo. Huko hapakuwa na ofisi wala paa. Kulikuwa na nguzo na bango lililopauka. Alidhani amenitupa. Kumbe amenipeleka nyumbani, na pale pale ambapo amri yake ilikuwa inaumiza watu.

Nilichokiona Tezo sikukipenda. Mabasi yalipita yamejaa, dereva ananipungia mkono kwa huzuni, watu wanabaki wameshika vikapu. Miongoni mwao alikuwa Dama, mpishi wa uji katika shule ya msingi mjini Kilifi. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na mshahara wa jiko lile ndio uliokuwa ukiwalisha. Alikuwa ameshachelewa mara mbili.

"Mwalimu mkuu ameniambia nikichelewa tena nisijisumbue kwenda," akanieleza. Hakulia. "Ana haki, dada. Watoto wanaingia darasani na njaa. Nami huamka kabla ya jogoo. Nifanye nini zaidi?"

Jioni ile nilikaa barazani kwangu na hasira yangu. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila mfanyakazi wa njia ile alilijua, na kwa sababu alilijua hakulifikiria tena. Mabasi yalilala Kilifi. Ili lianze safari Malindi, basi la alfajiri lilipanda kaskazini bila abiria hata mmoja, mwendo ambao sisi tuliuita mkavu, na likapita Tezo hapo nje, giza halijaondoka. Meneja, mwenye chuki na hewa, alikuwa akinunua dizeli ya kupeleka hewa mpaka Malindi, halafu likakae huko lingoje kujaa. Na kipenga alikuwa ameninyang'anya, lakini ukaguzi wangu hakunivua.

Asubuhi nilisimama katikati ya lami na tochi. Dereva alikuwa Karisa, mtu niliyefanya naye kazi tangu Rabai. Akasimama, akateremsha kioo.

"Kuna nini, Mkaguzi?"

"Nakata safari. Geuza hapa, upakie, urudi Kilifi kisha jijini."

Karisa akavuta breki ya mkono. "Watatufukuza," akasema.

"Watanifukuza mimi. Wewe umeamriwa na mkaguzi."

Akageuza. Dama alifika jikoni kwake kabla ya moto kuwashwa. Siku ya pili wakaja watu wa ndani zaidi, waliokuwa wameshakata tamaa na barabara, na siku ya tatu basi lile la Tezo halikuwa na kiti kitupu. Nasema hivi kwa wale waliokuwa wakidai kwamba watu wa vijijini hawasafiri. Hawasafiri kwa sababu mnawapita.

Meneja hakukawia kujua. Alikuja na pikapu kutoka Malindi, akaikingamiza mbele ya basi tukiwa karibu kuondoka. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana.

"Ni nani alikupa ruhusa ya kuiba gari yangu?"

"Si lako wala si langu. Nimekata safari kwa kanuni ya shirika. Njia imevurugika."

"Nani ameivuruga?"

"Wewe, Meneja."

Akanipita, akapanda ngazi, akasimama pale mbele wanapolipia nauli.

"Wananchi, samahani. Hii gari inaanza Malindi. Tafadhali mshuke, mtapanda ikirudi."

Hakuna aliyetikisika. Dama alikuwa kiti cha mbele, ameshika mfuko wake wa aproni kwa mikono miwili. Akasema polepole, "Mimi nikishuka hapa, leo ndiyo mwisho wa kazi yangu. Sishuki."

"Mama, ni amri. Gari haiwezi toka kabla ya utaratibu."

Nyuma ya Dama alikuwepo Hawe Mbeyu, bibi kizee ambaye Tezo nzima ilimwita hawe, yaani nyanya, hata wale wakorofi. Alikuwa akienda kumwona mwanawe jijini. Akainua fimbo yake, si kwa kumtishia mtu, bali kuonyesha viti kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Mwanangu, hebu geuka uangalie. Sisi huku tuliambiwa umesema basi liondoke likijaa. Haya, tumejaa. Sasa unangoja nini?"

Alicheka mmoja, wakafuata wote, hata Karisa akainamia usukani mabega yakimtikisika. Meneja akatazama viti. Akashuka. Akairudisha pikapu nyuma yeye mwenyewe, na basi likapita.

Niliitwa jijini mbele ya wakubwa watatu wa shirika. Mkaguzi Mkuu wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo sikuwa na wa kunisemea. Mwenyekiti wao alizungumza nami kwa adabu. Aliniambia kwamba shirika halina fedha, kwamba kila mtu akikata safari apendavyo hakutakuwa na shirika, na kwamba nikiomba radhi na kuahidi kutorudia, nitabaki na cheo changu mpaka nistaafu.

"Mwenyekiti," nikamjibu, "fedha hazipo kwa basi lililogeuka na hazipo kwa basi lililongoja. Tofauti ni kwamba lililogeuka lina watu. Sina cha kuombea radhi. Kesho alfajiri watu watasimama Tezo, niwepo nisiwepo. Mkitaka safari ile ife, mchagueni mtu aende akawaambie washuke."

Walinivua ukaguzi siku ile ile. Nikarudi kuwa mtunza saa, cheo nilichoanza nacho, na nikakistaafia. Lakini wa kwenda kuwaambia watu washuke hakupatikana. Meneja mwenyewe alikataa kwenda, na kwa hilo namheshimu. Basi la Tezo likaandikwa ubaoni pamoja na mengine, na likaendelea kugeuka kila alfajiri mpaka shirika lenyewe lilipofunga milango, miaka kadhaa baadaye, kwa madeni ambayo hayakutokana na Tezo.

Siku hizi hunijia vijana wanaopanga usafiri, wenye heshima zao, wanakaa barazani na kompyuta mapajani. Huniuliza shirika lilikosea wapi. Nikiwaeleza habari za Tezo hutabasamu, kisha mmoja wao lazima aseme, "Lakini bibi, kihesabu, safari kama ile ni hasara." Nami husema, sawa, ni hasara. Barabara nayo haituletei faida, shule haituletei, na mbona hamzifungi kungoja zijae? Niliambiwa hakuna fedha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na aliyeniambia kila mara alikuja kwa gari lake. Huyo hajawahi kusimama pembeni mwa lami na kikapu akiona taa zikija, akiinua mkono, taa zikampita. Asimame kwanza. Kisha aje tufanye hesabu, nami nitakuwapo.

Na anayetaka kujua hasara hiyo ilikwenda wapi, asiniulize mimi. Dama yuko nyumba ya tatu kutoka barabarani. Alipika uji katika jiko lile mpaka wanawe wote wanne wakamaliza shule, akastaafu mwaka juzi akiwa mpishi mkuu. Bado huamka kabla ya jogoo, kwa hiyo mlango mtaukuta wazi.