Nitakuambia Timboroa

Nani hajaambiwa usisukume mama yako? Mimi wangu nilimsukuma kutoka Eldoret mpaka Timboroa, tena nikiwa kazini.

Nilikuwa fayaman, mtu wa kuchochea moto, kwa injini ya kusukuma treni. Gari ya abiria ya Nairobi ikiwa nzito, injini ya mbele haikuwezana na mlima peke yake, kwa hivyo sisi tulikaa nyuma. Hatukufungwa na bogi. Tuliegemea tu, vile watu husukuma trekta imekwama kwa matope. Timboroa, kule juu, gari ilikuwa inasimama injini ya mbele inywe maji, na sisi tunarudi nyumbani kinyumenyume. Dereva wangu, Mzee mkali, alishika stimu. Mimi nilichunga moto na maji.

Hiyo asubuhi mama alikuwa bogi ya mwisho na dada yangu, anapelekwa hospitali kubwa Nairobi. Daktari wa hapa alikuwa ameniita kando, akaniambia hata huko hawatafanya mengi. Mama alituona tukiongea.

"Daktari alisema nini?" akaniuliza kwa dirisha.

"Amesema uwache kula kuku ya jirani."

"Wee! Nauliza mtu mzima."

Watu walikuwa wanapanda na magunia, dada ametega masikio.

"Nitakuambia Timboroa. Tukisimama nakuja hapa kwa dirisha."

"Usinidanganye."

"Mama, nitatorokea wapi na niko nyuma yako njia yote?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Tukapanda mlima. Kila kona niliona kichwa yake nje, na kitambaa nyeupe. Nilikuwa napanga maneno. Napanga, naona ni mabaya, napanga mengine, mpaka Mzee akanigombeza, "Kijana, angalia maji!"

Timboroa ikaonekana. Mbele ikapigwa firimbi ndefu, Mzee akajibu na yetu, akafunga stimu tukaacha kusukuma, lakini gari ikaendelea tu.

"Mzee, si tunasimama?"

"Tusimame tufanye nini? Gari imechelewa, ya mbele walijaza maji Eldoret. Kwani hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nachekesha watu kwa dirisha.

Bogi ya mwisho ikatuachilia. Kwanza nafasi ya mkono, halafu ya ng'ombe, halafu ya shamba. Mama alitoa kichwa, ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nikapiga kelele, "Nitakuja Jumamosi!" Sijui kama alisikia.

Alikufa Alhamisi.

Tulimzika nyumbani, Sugoi. Watu wakienda, dada akanivuta kando. "Huko wodini alikataa kuuliza madaktari kitu. Alisema kijana yake atamweleza mwenyewe. Ulikuwa umwambie nini?"

"Aa, hiyo? Nilikuwa namtania tu, ya kuku."

Dada akatabasamu kidogo, akapanguza macho. Aliniamini.